Jino la Ishirini na Mbili

Hapana, Esteria, kinanda hicho hakikuwa cha kukanyaga kwa miguu kama kile cha kanisa la Kibaoni. Cha kule makazini kwa wakimbizi kilikuwa cha umeme, na ndani yake mlikuwa na tepe, zile za tepurekoda, zimening'inia kama tumbaku kwenye bani la kukaushia. Kila jino la kinanda lina utepe wake. Ukibonyeza jino, utepe unavutwa kwenda chini, unapita kwenye kidude kinachousoma, sauti inatoka. Ukihesabu moja mpaka nane, polepole, utepe umeisha, sauti inakatika, springi inaurudisha juu. Ukitaka tena, bonyeza tena. Meno yalikuwa thelathini na tano. Kukibeba ni wanaume sita, na wa sita analalamika.

Kilifika mwaka wa sabini na nne, siku ya kugawa mbegu. Watu wa kijiji namba nane walikuwa wamepanga foleni na madebe yao, Bruda Klemensi wa misheni akaingia na lori kutoka stesheni ya Mpanda, akapiga honi, akasema jamani nisaidieni kushusha. Foleni ikavunjika, watu wakashusha, wakarudi kwenye foleni wakagombania nani alikuwa mbele ya nani. Ndiyo sherehe yenyewe ya kukipokea.

Hao wa namba nane walikuwa Warundi. Waliingia mwaka wa sabini na mbili, wamekimbia kwao, serikali ikawapa msitu wafyeke. Sisi Wapimbwe tulikuwa tunakwenda kule kufanya kazi za misheni, mimi nilikuwa fundi wa madawati. Makazi yale yalikatwa kwa kamba, barabara zimenyooka mpaka zinachosha macho. Kila familia ilipewa kiwanja. Alikuja bwana mmoja na kitabu kikubwa, akaandika namba, akaandika jina pembeni ya namba, ukaweka dole gumba, kiwanja kikawa chako. Akabeba kitabu kwenda mjini, miezi imepita, akarudi nacho kimepigwa mihuri. Watu waliokuwa hawana hata sufuria walilala usingizi mwaka ule kwa sababu ya ile mihuri.

Sasa, kinanda kilikuja na sauti za Ulaya, vinubi sijui na nini. Joto la Oktoba likazigandisha tepe zote, ukibonyeza kinatoa mlio wa mbuzi. Bruda Klemensi hakukata tamaa. Alikuwa na tepe tupu. Akachukua waimbaji thelathini na tano wa kwaya, mmoja mmoja, akamwambia kila mtu aimbe sauti moja tu, aaaa, mpaka amwoneshe mkono anyamaze. Kila mtu jino lake. Halafu akachukua daftari, akaandika namba ya jino na pembeni jina la mtu, asije akasahau.

Hapo ndipo watu walipokosea. Namba, jina, daftari. Wakajua wamegawiwa.

Josefina, mke wa Fabiani, alipewa jino la ishirini na moja, ambalo ni jeusi. Akalia njia nzima. Alikuwa anasema wenzake wamepewa meno mapana na yeye amepewa kajino kembamba, kamebanwa huku na huku, hata kupumua hakuna. Mumewe akamwambia nyamaza, udongo mweusi ndio wenye rutuba. Siméon, jitu la kilo tisini, mkulima wa tumbaku, alipewa jino la kumi na nane, jeupe, akawa anapita kanisani kila Jumamosi kulifuta vumbi kwa shati lake. Vénérande alipewa ishirini na tano. Séverine, wifi yake Josefina, binti wa miaka kumi na tisa mwenye sauti kama maji ya mtungi, akapewa ishirini na mbili.

Jumapili ya kwanza katekista Bartolomeo alikaa akapiga. Kila jino alilobonyeza, mwenye jino alitoka kwenye benchi lake akawa amesimama pembeni ya kinanda, mdomo wazi, anaimba ile aaaa yake, na hesabu ya nane ikifika yuko benchini tena. Akibonyeza matatu, wanasimama watatu. Bruda Klemensi aliwaangalia, akasema itabidi tusogeze sanamu ya Mtakatifu Yosefu, pale ukutani hapatoshi. Wakaisogeza.

Tatizo lilikuja Jumanne, Bartolomeo akifanya mazoezi. Watu walikuwa mashambani. Siméon alifika na jembe mkononi, akaimba, akarudi, akakuta jembe limekuja naye lakini kofia imebaki kanisani. Vénérande alikuwa Mpanda mjini, anajifungua. Akafika na shuka, akaimba hesabu nane, akarudi, mtoto akatoka salama. Mkunga alimuuliza tu ulikwenda wapi, akasema kwaya. Ijumaa yake Siméon akaitwa akiwa chooni. Hapo mwenyekiti wa kijiji, mzee Apollinarie, akaitisha mkutano.

"Bartolomeo," Siméon alisema, "mimi ni mtu mzima. Kuna mahali mtu haitwi."

"Nitajuaje uko wapi, Baba Getrude?"

"Harufu si uliisikia?"

Watu walicheka mpaka mzee Apollinarie akapiga meza. Ikapitishwa kwamba mazoezi ni jioni tu, watu wakiwa wamesharudi, wameshaoga, na mama mwenye mtoto mgongoni amwagize mtu amshike. Sheria ikafuatwa. Wakaishi hivyo miaka miwili bila neno.

Sasa nikwambie habari za nyumba ya Athanasie, maana ndiyo hadithi yenyewe.

Athanasie alikuwa mama yake Séverine na Fabiani. Mumewe alibaki Burundi, chini ya udongo. Mume huyo alipokuwa hai aliweka desturi moja: nyumbani kwake hakuna mkono unaoingia kwenye sahani mpaka wote wamerudi na wamekaa. Sahani ni moja, mnakaa, mnanawa, mnakula pamoja. Athanasie hakuwa amebeba kitu kingine kutoka kwao. Sufuria zilibaki, ng'ombe walibaki, mume alibaki. Desturi hiyo aliivusha.

Mwezi wa nne mwaka wa sabini na sita Séverine akashikwa na homa. Siku nne hakula, hata uji hakuweza. Siku ya tano, saa kumi na mbili jioni, akafumbua macho, akasema anasikia harufu ya sombe, kile kisamvu cha kutwanga wanachopika wao. Akasema, "Mama, nipe tonge moja."

Athanasie alikuwa ndio kwanza anageuza ugali. Akafurahi. Akamwambia, "Subiri mwanangu, Fabiani na Josefina wako njiani, tukae wote."

Fabiani na Josefina walikuwa mtoni wanaosha majembe. Walipofika, sahani ilikuwa katikati, imefunikwa, na Séverine alikuwa ameshakufa.

Walimzika. Bartolomeo hakuligusa jino la ishirini na mbili mpaka matanga yakaanuliwa, alikuwa analiruka, nyimbo zinapata mapengo. Jumapili iliyofuata mkono ukajiendea kwa mazoea, akabonyeza. Séverine akasimama pembeni ya kinanda na kitenge chake cha kijani, mdomo wazi, anaimba. Wale waliokuwa wamesimama walijisogeza kidogo wampe nafasi. Hesabu nane, akaondoka. Yeye hakuwa na benchi la kurudi.

Baada ya misa Athanasie alimfuata Bartolomeo akamuuliza, "Jenereta mnaizima saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, Mama. Mafuta ni ya shida."

Kesho yake jioni alikuja na sahani imefunikwa kawa. Akamwomba Bartolomeo abonyeze. Séverine akaja anaimba. Athanasie akakata tonge, akalichovya kwenye sombe, akamtia mdomoni. Sauti ikawa nzito, ya mtu anayeimba na chakula shavuni. Alitafuna, hesabu ikafika nane, akaondoka. Bonyeza tena. Tonge la pili. Springi ya kinanda kile ilikuwa inachelewa kurudi, unasubiri mpaka utepe upande wote juu, la sivyo anakuja nusu. Walifika tonge la kumi, la kumi na moja, jenereta ikazimwa. Sahani ya mtu mwenye njaa ni matonge thelathini au arobaini. Athanasie akarudi nyumbani na kilichobaki. Kesho yake akasonga mwingine, maana nyumbani kwake mtu hapewi ugali wa jana, wakaanza tena moja.

Ilikwenda hivyo zaidi ya mwaka. Hakuna siku sahani iliisha. Athanasie alikuwa hataki jambo kubwa. Alitaka mtoto amalize sahani moja, anawe, aseme ameshiba. Basi.

Sasa Siméon. Siméon alikuwa na binti yake, Getrude, anaimba vizuri tu, lakini meno yalikuwa yameisha kugawiwa. Na sheria ya viwanja kule ilikuwa inajulikana: kiwanja kisicholimwa msimu mzima kinapewa mwingine. Akaenda kwa mzee Apollinarie, akasema jino la ishirini na mbili mwenyewe amefariki, limelala, Bruda afute ule utepe, amrekodi Getrude.

Kesi ilisikilizwa chini ya paa la ghala. Athanasie alisimama, mdogo, mwembamba, na mwiko mkononi, alikuwa hajapata hata nafasi ya kuuweka chini.

"Huyu ana jino lake, jeupe, la mbele," alisema. "Sasa anataka na la mtoto wangu. Siméon, wewe ni mtu au ni mamba?"

"Sheria ni sheria, Mama Séverine. Halilimwi."

"Halilimwi? Njoo jioni uone kama halilimwi!"

Mzee Apollinarie alikwenda jioni, akasimama mlangoni mwa kanisa, akaona matonge matatu yakiliwa. Akarudi akasema jino linalimwa kila siku, kesi imekwisha. Siméon na Athanasie hawakusalimiana tena. Wakikutana kisimani, mmoja anaangalia ndoo, mwingine anaangalia mawingu.

Mwanzoni mwa sabini na saba Bruda Klemensi akaugua kifua, akarudishwa kwao Ulaya. Huko kwao nafikiri alimsimulia mtu. Mwezi wa nane treni ya Tabora ikamshusha bwana mmoja mrefu, mpole. Alipofika mlangoni mwa kanisa alivua viatu, akaingia na soksi nyekundu. Hakuna aliyemwambia avue. Watu wakamwita Bwana Soksi.

Alikizunguka kinanda kama mtu anayeangalia ng'ombe mnadani Majimoto. Akalala chini akachungulia. Akanusa tepe. Padre mpya alikuwa anatafsiri, na yeye hakuwa mtu wa muziki, alikuwa anakasirika mafuta yanakwisha. Bwana Soksi alisema vinanda hivi vilitengenezwa vichache, kwamba huko kwao watu wamevitupa kwa sababu ni vizito na vinaharibika, wamekimbilia vipya, na sasa yeye anavitafuta popote duniani. Anavyo kumi na moja. Lakini vyote vina sauti zilezile za kiwandani. Chenye sauti za watu wa mahali, mtu mmoja jino moja, hakuna kingine. Aliposema hakuna kingine, macho yalimlowa.

Watu wa namba nane walifurahi kweli. Fabiani alisema, "Mmesikia nyie? Dunia nzima!"

Halafu Bwana Soksi akatoa karatasi. Karatasi ilikuwa na namba moja mpaka thelathini na tano, na pembeni mstari wa jina. Na kidau cha wino.

Basi tena. Mzee Apollinarie aliiangalia, akasema sawa, ni wa kupima, kama yule wa viwanja. Meno yalikuwa hayajawahi kupimwa wala kupigwa mihuri. Watu wakapanga mstari, wakaweka dole gumba mmoja mmoja. Siméon aliweka mara mbili, la kwanza aliona halikukolea. Athanasie aliweka la marehemu, ishirini na mbili, akakandamiza mpaka kidole kikawa cheupe. Maandishi ya juu hakuna aliyeyauliza. Padre aliyasoma, akasema ni sawa, yeye alikuwa ameshakubaliana na bwana huyo.

Kinanda kikafungwa. Sanduku nililipiga mimi, mninga mtupu, misumari ya inchi nne, nikaambiwa ahsante fundi. Wanaume sita wakabeba. Athanasie alisimama na sahani yake kando ya lori, akamwambia Bartolomeo, "Kikirudi kutoka kupimwa, uniambie mapema, niinjike maji."

Bartolomeo alikuwa amesoma mpaka darasa la nane. Alikuwa ameiona karatasi. Akasema, "Nitakwambia, Mama."

Miezi mitatu hakuna aliyeitwa. Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza, Siméon alikuwa anapanda tumbaku. Akasimama, hayupo. Mkewe akahesabu moja mpaka nane, mume akarudi, ana manyunyu meupe mabegani ambayo yaliyeyuka.

Siku tatu alikaa nalo. Siku ya nne, jua linazama, akaenda mpaka uani kwa Athanasie, akasimama kwenye ua, hajui aweke wapi mikono.

"Mama Séverine."

"Nani huyo? Yule mwenye kutaka meno mawili?"

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Hata mbwa hajabweka, amekudharau."

"Nimemwona," Siméon alisema.

Athanasie aliacha kupepeta. "Yukoje?"

"Vilevile. Anaimba. Ni nyumba kubwa, baridi, manyunyu meupe yanaingia dirishani, chini pamewekwa blanketi. Vinanda vimepangwa kumi na viwili. Bwana Soksi amekaa anapiga. Tulisimama mimi, yeye, na Vénérande."

"Ukampa nini?"

"Nilikuwa na mche wa tumbaku."

"Ukampa tumbaku?"

"Sikumpa kitu. Nilisimama tu."

"Mtu mzima," Athanasie alisema. "Unamkuta mtoto wa mwenzio ana njaa, ugenini, kwenye baridi. Unasimama tu."

Athanasie aliingia ndani, akatoka na tonge limefungwa kwenye jani la mgomba, akamwekea kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja kama unavyomfunga mtoto vifungo.

Bartolomeo aliwaeleza jambo moja la kazi yake. Kumi na nane, ishirini na mbili na ishirini na tano ni meno yanayokwenda pamoja, mtu yeyote anayejua kinanda huyapiga mara moja. Vénérande alikuwa na mtoto mwingine mchanga mikononi saa zote. Kwa hiyo wa kupeleka tonge ni Siméon.

Kuanzia siku ile Siméon alikuwa anafika uani kwa Athanasie kila jioni, maana Bwana Soksi alikuwa anapenda kupiga saa hizo. Anapewa tonge la moto na sombe, anashika, anasubiri. Na kwa sababu alikuwa mle ndani ya ua, na bado hajakaa, nyumba nzima haikuweza kula. Athanasie, Fabiani, Josefina, wote wamezunguka sahani, wamenawa, mikono inawakaukia, wanamwangalia yule baba amesimama na tonge kama mtu aliyeshika mshumaa. Akiitwa akarudi, anakaa, wanakula. Asipoitwa, wanasubiri mpaka kuku wapande, halafu anakwenda kwake, nao wanakula.

Mara ya kwanza alipompa, alirudi mkono mtupu.

"Alikula?"

"Alikula."

"Alitafuna au alimeza tu?"

"Alitafuna. Sauti ikabadilika. Bwana Soksi akaacha kupiga, akainama akachungulia chini."

"Hakuwaona?"

"Hatuoni. Anapita katikati yetu kama anapita kwenye mahindi."

Athanasie aliguna. Akatia fundo moja kwenye kamba. Kwa mwaka mmoja na miezi kamba ilipata mafundo kumi na tisa. Siku nyingine Siméon aliitwa peke yake, akarudi na tonge lake. Siku nyingine aliitwa asubuhi, yuko kwenye bani, mikono ina moshi tu, akamkuta Séverine amesimama pale, akarudi akalia mbele ya wafanyakazi. Baada ya hapo akawa anatembea na tonge mchana kutwa, hata msibani, hata sokoni Mpanda. Watoto walikuwa wanamwimbia. Getrude, binti yake, akawa anaona aibu kufuatana naye.

Sasa huko kwa Bwana Soksi habari ya kinanda ikawa kubwa. Wanaoitwa walikuwa wanaleta taarifa: leo wapo wageni wawili, leo wapo sita, wanapiga picha. Mtu mmoja mnene alitaka kubonyeza jino, Bwana Soksi akamshika mkono. Mara ya mwisho aliitwa Vénérande, mwezi wa pili mwaka wa sabini na tisa. Alisema kinanda kimetengwa na vingine, kimewekwa kwenye chumba chake, kimezungushiwa kamba kama altare, na Bwana Soksi alibonyeza jino moja kwa kidole kimoja, akafumba macho, halafu akashusha kifuniko.

Baada ya hapo, kimya. Watu wa namba nane walimaliza msimu bila mtu kukatizwa. Mavuno ya tumbaku yalikuwa mazuri kuliko mwaka wowote. Siméon aliendelea kuja. Tonge linapoa, anapewa jingine, linapoa.

Mwezi wa nne Bartolomeo akaandika barua. Aliandika kwa Kiswahili, padre akaigeuza, shingo upande. Aliomba jambo dogo. Bwana asirudishe kinanda, tumeshaelewa sasa ile karatasi haikuwa ya kupima. Ila jioni moja tu, saa kumi na mbili za Mpanda, abonyeze jino la kumi na nane na la ishirini na mbili kwa pamoja, aachie, abonyeze tena, mara ishirini au thelathini hivi. Sababu aliiandika yote, ya ugali na ya homa, hakuficha.

Majibu yalifika mwezi wa tisa. Sukari ilikuwa haipatikani, sabuni haipatikani, vita ndio kwanza imekwisha, lakini barua ilifika. Bartolomeo aliisoma uani kwa Athanasie, jioni, wote wapo, na Siméon amesimama na tonge lake.

Bwana Soksi alisalimu kwa heshima. Alisema amefurahi kusikia kutoka kwa jamaa wa kwaya, na barua yao ameiweka nyuma ya kioo pamoja na ile karatasi ya madole, wageni wanaisoma. Alisema kinanda kiko salama. Kwa kuwa ni cha pekee duniani, ameamua kisipigwe tena, maana kila ukikipiga utepe unachakaa. Akiwa hai hakitapigwa, na ameshaandika kwamba hata akifa kisipigwe. Alisema kulikuwa na hitilafu moja, kwenye jino la ishirini na mbili: utepe ulikutwa na unga mweupe umegandamana na mabaki ya majani, haijulikani yametoka wapi. Wasiwe na wasiwasi. Ameusafisha wote, umekuwa safi kama mpya.

Ndani ya bahasha kulikuwa na picha. Kinanda, kamba, taa juu yake. Bartolomeo aliizungusha. Josefina aliangalia akasema, "Jino langu halionekani, limefunikwa." Fabiani akampokonya, akampa mama yake.

Athanasie aliiangalia, akaitia chini ya mkeka.

"Ameandika amemsafisha," alisema.

"Ameusafisha utepe, Mama."

"Nimesikia."

Kuku walikuwa wanapanda mtini mmoja mmoja. Sahani ilikuwa katikati, maji ya kunawa yalikuwa yameletwa mara ya pili. Siméon alikuwa amesimama palepale kwenye ua, jitu zima, limezeeka mwaka mmoja kama mitano, mkono umenyooshwa mbele kidogo, jani la mgomba linavuja mchuzi wa sombe kwenye kiwiko.

"Baba Getrude," Athanasie alisema. "Njoo ukae."

"Bado mapema, Mama Séverine. Jua lipo."

"Njoo ukae."

"Na wakiniita?"

"Wakikuita utakwenda."

"Mikono mitupu?"

Athanasie alisogea kwenye mkeka, akapangusa nafasi kwa kiganja, katikati yake na Josefina. Siméon alikuja. Magoti yalilia akishuka. Josefina akamshikia birika, akanawa mkono mmoja, ule mwingine bado umeshika tonge, akawa hajui alifanyeje. Athanasie akalichukua, akalifungua kwenye jani, akalirudisha kwenye sahani, akalikandamiza kwa vidole mpaka likashikana na ugali mwingine.

Akawaangalia kama wamekaa wote. Bartolomeo alikuwa bado amesimama na barua, akamwambia naye akae. Akakaa.

Ndipo akakata tonge la kwanza, akala. Wakala.